Sumu za Bara na Samaki Wakubwa wa Baharini

Wananchi wanafahamishwa kuwa upimaji wa sumu katika wanyama wawindaji wa baharini si jambo la wataalamu peke yao, bali unahusu pia afya ya kila mlaji wa samaki.

Mvumi, katika uwanda wa Dodoma, iko mbali na pwani. Hata hivyo, sehemu ya maji ya uwanda huo hupita Mto Kinyasungwe, huingia Mto Wami na kumwagika Bahari ya Hindi karibu na Saadani, mkabala na Unguja. Ardhi ya Mvumi iliharibiwa mno na mmomonyoko, hata mwaka 1986 mifugo ikaondolewa chini ya mpango wa Hifadhi Ardhi Dodoma. Udongo unaosombwa na mvua huweza kubeba mabaki ya viuatilifu yaliyoshikamana nao.

Sumu nyingine husafiri kwa hewa. DDT na PCB hugeuka mvuke penye joto na kutua penye baridi. Ndiyo sababu katika miaka ya 1960 DDT ilikutwa katika miili ya pengwini wa Antaktika, mahali pasipo na mashamba. Sumu hizo hukaa katika mafuta ya mwili, na huongezeka kila mnyama anapoliwa na mwingine: samaki huliwa na sili, na sili huliwa na dubu wa Ncha ya Kaskazini. Katika miaka ya 1980, maziwa ya akina mama wa Kiinuit wa kaskazini mwa Quebec, Kanada, ambao chakula chao ni wanyama wa baharini, yalikutwa na PCB takriban mara 5 kuliko ya akina mama wa kusini.

Tanzania iliridhia Mkataba wa Stockholm kuhusu sumu hizo mwaka 2004, na ule wa Minamata kuhusu zebaki mwaka 2020.

Katika bahari yetu, mwindaji mkubwa ni papa. Zebaki hukaa ndani ya nyama yake. Haiondoki kwa kupikwa, kutiwa chumvi wala kukaushwa. Kiwango cha juu cha kimataifa kwa papa ni miligramu 1.6 za zebaki ya methili kwa kilo.

Kwa hiyo, inashauriwa wajawazito, wanaonyonyesha na watoto wadogo wapendelee dagaa na samaki wengine wadogo badala ya papa. Aidha, wakulima wa bara na visiwani wasioshe vyombo vya viuatilifu mitoni wala kwenye mabwawa.