Masafa ya Mpanda na Dar es Salaam

Anayeuliza Mpanda iko mbali kiasi gani na Dar es Salaam aghalabu hujibiwa kwa saa wala si kwa kilomita, na jawabu hilo lina hekima yake, kwa kuwa masafa baina ya miji hii hayakuzidi wala kupungua tangu zamani, illa muda wa kuyakata ndio uliogeuka mara kwa mara.

Mwaka 1871, Henry Morton Stanley aliondoka Bagamoyo mwezi wa Machi na msafara wake, akafika Unyanyembe mwezi wa Juni, na alipokuta njia ya Ujiji imezibwa na vita vya Mirambo, ilimlazimu azunguke kusini kupitia Ukonongo, nchi ambayo leo sehemu yake imo katika Mkoa wa Katavi. Reli nayo, iliyochepushwa Kaliua kuelekea kusini kwa ajili ya madini ya risasi ya Mpanda, humpitisha msafiri Tabora kwanza, hata safari yote kutoka pwani ikazidi kilomita 1,100.

Angani hakuna kuzunguka. Miji hii imekaa karibu katika mstari mmoja wa mashariki na magharibi, na kinachoitenga ni digrii 8 na kitu za longitudo, kutoka ya 39 hadi ya 31. Na kwa kuwa huku karibu na ikweta kila digrii ina kilomita 110 hivi, masafa ni takriban kilomita 900. Ndege aina ya Dash 8 Q400, ambayo wengi wameizoea kwa jina la Bombadia, ikishatulia juu huenda kilomita 660 hivi kwa saa. Gawanya, utapata saa 1 na dakika 22, kisha uongeze kama dakika 20 za kupaa, kushuka na kutambaa kiwanjani. Upepo nao una haki yake katika hesabu: ukivuma kutoka mashariki kwa kilomita 40 kwa saa, kwenda Mpanda huwa dakika 77 angani, na kurudi 87, ndege ile ile na njia ile ile.

Lakini liko jambo ambalo tikiti haiandiki, nami naliona ndilo kubwa kuliko yote. Saa za Tanzania zimefuata longitudo ya 45, ambayo haipiti popote katika ardhi yetu, na jua huchukua dakika 4 kuvuka kila digrii. Kwa hiyo Mpanda, iliyo digrii 14 magharibi ya mstari huo, kwa wastani hupata jua la utosini saa saba kasoro dakika 4, na magharibi huingia huko kama dakika 32 baada ya Dar es Salaam, ingawa saa za mkononi zinasema mamoja.

Basi wewe uliyekula daku Dar es Salaam, ukapanda ndege alasiri ya Ramadhani na kushuka Mpanda tende ikiwa tayari kiganjani, usifungue kwa adhana ya Dar es Salaam uisikiayo redioni. Tazama magharibi: jua bado liko juu ya miti, na saumu yako ya siku hiyo imerefuka kwa nusu saa na ushei.