Kakamega na Musingu: Ujirani wa mpira usio na huruma

Mfanyabiashara anayevuka mpaka wa Busia na kupitia Mumias hadi mji wa Kakamega, Kenya, akiingia humo siku shule mbili jirani zinapokutana uwanjani Bukhungu, asitegemee wateja wengi mchana huo.

Kakamega, maarufu kama Green Commandos, iko mjini. Musingu, yaani Scorpions, iko upande wa Khayega, mwendo mfupi kwa matatu ukishika njia ya Kisumu. Zote ni shule za wavulana.

Ukaribu huo ndio balaa. Michezo ya sekondari nchini humo hupitia kaunti ndogo, ikapanda hadi kaunti, kanda, taifa, kisha Afrika Mashariki. Timu hizi zimo kaunti moja. Kwa hiyo vigogo wawili wenye uwezo wa kutwaa kombe la taifa hugongana mapema, na mmoja hurudi darasani kabla ya kukutana na Vihiga, Bungoma au Busia.

Kwa kijana wa kidato cha nne, hapo ndipo mwisho. Hakuna tena kuonekana na klabu kubwa wala safari ya Uganda, Rwanda au Tanzania. Mashindano ya Afrika Mashariki yalipofanyika Kakamega kwenyewe Agosti 2025, kukosa nafasi kuliuma zaidi.

Mashabiki wa pande zote hupiga isukuti ileile na kutaniana kwa Kiluhya kilekile. Hakuna kejeli inayohitaji mkalimani.