Kompyuta Mpya, Programu ya Zamani

Kamati nyingi za parokia huweka hesabu za miradi na orodha za waumini katika programu iliyotengenezwa miaka mingi iliyopita. Siku mfumo wa kompyuta unapoboreshwa, programu hugoma kufunguka, na wengi husema imeharibika. Mara nyingi haijaharibika, ila imekosa maktaba yake.

Maktaba ni nini? Ni faili lenye kazi zilizokwisha kuandikwa, ambalo programu nyingi hulitumia kwa pamoja, kama familia zinavyoazima sufuria kubwa za jumuiya wakati wa sherehe. Faili likirekebishwa, programu zote hunufaika. Likibadilika vibaya, zote hutikisika.

Tuchukue mfano wa OpenSSL, maktaba inayolinda siri za mawasiliano. Toleo la 3.0 lilitoka Septemba 2021. Mfumo wa Ubuntu 22.04, uliotolewa Aprili 2022, ulikuja na toleo hilo bila lile la 1.1. Programu za zamani zilitafuta faili liitwalo libssl.so.1.1, hazikuliona, zikakataa kuanza. Namba katika jina hilo ina maana: hubadilika pale makubaliano kati ya maktaba na programu yanapobadilika. Kwa kuwa majina yanatofautiana, mafaili yote mawili yanaweza kukaa katika kompyuta moja, kila programu ikichukua lake.

Kazi huwa ngumu zaidi jina linapobaki lile lile. Mwaka 2010, katika mfumo wa Fedora 14, maktaba ya glibc ilibadilisha namna ya kunakili data. Sauti ya Adobe Flash ikaanza kukwaruza, kwa kuwa Flash ilitumia kazi hiyo kinyume cha kanuni. Toleo la 2.14 la mwaka 2011 liliweka njia mbili ndani ya maktaba moja: programu za zamani zikapewa njia isiyoziumiza, na zilizojengwa upya zikapewa njia mpya.

Lakini kutunza ya zamani kuna gharama. Marekebisho ya bure ya usalama kwa OpenSSL 1.1.1 yalikoma Septemba 2023. Anayeendelea kuitumia kwenye intaneti anaacha mlango wazi.

Kwa hiyo tunashauri kamati zifanye haya:

1. Kabla ya kuboresha, wekeni nakala ya data mahali pengine.
2. Jaribuni kwanza kwenye kompyuta moja.
3. Fundi aweke maktaba ya zamani kando ya mpya. Asilipe faili jipya jina la zamani ili kuidanganya programu. Inaweza kufunguka, kisha ikaharibu hesabu.
4. Programu isiyoweza kuhamishwa ibaki kwenye kompyuta isiyounganishwa na intaneti, huku mbadala ukitafutwa.

Nanyi wafadhili wetu, mnapotoa kompyuta, ulizeni pia ni programu zipi zitahamia humo. Siku chache za kazi ya fundi ziingizwe katika bajeti, maana kompyuta mpya isiyofungua daftari la parokia haijamsaidia mtu.