Usaha Unaozunguka Pafu na Namna ya Kuuosha

Katika nchi ya Mlima Kenya, tangu Nyeri na Karatina hata Nanyuki, miezi ya Juni, Julai na Agosti ni ya baridi na ukungu, na kichomi ni ugonjwa unaojulikana nyumba kwa nyumba. Wengi hupona kwa dawa. Lakini pengine homa hukataa kushuka, ubavu mmoja huuma kila mgonjwa avutapo pumzi, naye huzidi kukonda. Huenda usaha umejikusanya baina ya pafu na mbavu.

Usaha huo hulibana pafu, na dawa peke yake haitoshi, kwa maana haipenyi vema ndani yake. Yapasa utolewe. Daktari hupitisha mpira baina ya mbavu, na ncha ya pili huzamishwa katika maji ya chupa, ili usaha utoke na hewa isirudi kifuani. Jamaa wa mgonjwa wasiinyanyue chupa hiyo. Sharti ikae chini kuliko kifua.

Tena kifua chaweza kuoshwa. Katika Vita Kuu ya Kwanza, Alexis Carrel na Henry Dakin waliosha vidonda vya askari huko Ufaransa kwa maji yenye klorini kidogo. Mwaka 1918, katika kambi za jeshi la Marekani, usaha wa kifuani uliua karibu wagonjwa 30 katika kila 100. Daktari Evarts Graham na wenzake waliona kwamba kupasua kifua mapema mno kuliingiza hewa na kulisinyaza pafu. Basi walifyonza kwanza kwa sindano, wakapasua baadaye na kuosha. Vifo vikashuka chini ya 10 katika 100.

Siku hizi pengine hutumiwa maji safi ya chumvi, ambayo katika jaribio dogo la Uingereza lililotangazwa mwaka 2015 yalipunguza haja ya kupasua. Pengine hutumiwa iodini iliyozimuliwa. Lakini pafu likiwa limetoboka, maji yaweza kuingia ndani yake na kumpalia mgonjwa. Kwa hiyo kazi hii ni ya hospitali tu.

Tangu mwaka 2011 watoto wa Kenya huchanjwa dhidi ya kijidudu kimoja kikubwa cha kichomi, na haifai mzazi kuikosa chanjo hiyo. Na mgonjwa ambaye homa yake haikushuka baada ya siku mbili tatu za dawa arudi upesi kwa daktari. Usaha ulio mwepesi hutoka kwa mpira. Uliocheleweshwa huwa mzito, na mara nyingi huhitaji kisu.