Ukurasa umevurugika? Huenda kosa si la simu yako

Msikilizaji, huenda umewahi kufungua ukurasa wa bei za mazao ukakuta maandishi yamepandana na kitufe cha kutuma hakifanyi kazi. Wengi husema simu ni mbovu au bando limeisha. Mara nyingine kosa liko kwenye tovuti yenyewe.

Tovuti nyingi hutumia mfumo wa kusimamia maudhui, kama WordPress au Joomla. Jina Joomla, lililoanza kutumika mwaka 2005, limetokana na neno letu la Kiswahili "jumla". Juu ya mfumo huongezwa moduli, yaani vipande vidogo vya programu. Kimoja huonyesha habari mpya, kingine huleta fomu ya maoni. Kila moduli inaweza kuwa na mwandishi wake, lakini zote hukutana kwenye ukurasa mmoja.

Ukurasa huo huandikwa kwa HTML, lugha ya alama zinazoieleza simu: hapa kichwa cha habari, hapa aya imeisha, hapa kuna picha. Lugha hii ina kanuni. Kwa miaka mingi zilisimamiwa na W3C, jumuiya iliyoanzishwa na Tim Berners-Lee mwaka 1994. Tangu makubaliano ya mwaka 2019, kanuni za HTML hutunzwa na kundi la WHATWG.

Moduli ikivunja kanuni, kivinjari hakiukatai ukurasa. Hujaribu kurekebisha, na matokeo yanaweza kuwa tofauti na alichokusudia mwandishi. Makosa haya matatu hutokea mara kwa mara:

1. Alama isiyofungwa. Moduli hufungua kisanduku na kusahau kukifunga. Vitu vinavyofuata humezwa humo, na ukurasa hupinda.

2. Kitambulisho kinachojirudia. Kila kitambulisho hutakiwa kutumika mara moja tu katika ukurasa. Fomu ikiwekwa juu na chini kwa vitambulisho vilevile, unaweza kugusa neno "Jina" kwenye fomu ya chini ukapelekwa kwenye fomu ya juu.

3. Picha isiyo na maelezo. Asiyeona hutumia simu inayomsomea kwa sauti. Kama bei zimewekwa kwa picha bila maelezo ya maandishi, huenda asizipate kabisa.

Fundi wa tovuti anaweza kuyaona mengi ya makosa haya bila gharama. Kikaguzi cha W3C, validator.w3.org, hupokea anwani ya ukurasa na kuonyesha mstari wenye kosa. Njia nzuri ni kuzima moduli zote, kukagua, kisha kuziwasha moja moja. Kosa jipya likijitokeza, anzia kwenye moduli iliyowashwa mwisho.

Fundi asirekebishe mafaili ya moduli yenyewe, maana toleo jipya likisakinishwa marekebisho hufutika. Joomla huruhusu kuweka nakala iliyorekebishwa ya mwonekano wa moduli ndani ya kiolezo cha tovuti, nayo hubaki. Mwandishi wa moduli naye ajulishwe, ili tovuti nyingine zipone.

Na wewe msikilizaji? Jaribu kwanza kivinjari kingine. Tatizo likiendelea, piga picha ya skrini, taja aina ya simu na kivinjari chako, umtumie mwenye tovuti. Taarifa hiyo itampa fundi pa kuanzia.