Fahamu: Je, pensheni jamii ya Zanzibar inatosha?

Tangu Aprili 2016, kila mkaazi wa Zanzibar aliyefikisha miaka 70 na kukidhi masharti ya ukaazi hulipwa pensheni jamii na Serikali, hata kama hakuwahi kuajiriwa. Mvuvi, mkulima wa mwani, mama aliyelea wajukuu: wote wamo. Huo ni uamuzi wa heshima kubwa, na lazima usemwe hivyo.

Tatizo ni kiasi. Ilianza kwa shilingi 20,000 kwa mwezi, ikakaa hapo hadi 2023 ilipopandishwa kuwa 50,000. Kima cha chini cha mshahara serikalini kilipandishwa mwaka 2022 kuwa 347,000. Kwa viwango hivyo, mzee hupata takribani sehemu moja ya saba ya mshahara mdogo kabisa, achilia mbali ule wa wastani.

Mkataba namba 102 wa Shirika la Kazi Duniani (ILO), wa 1952, huweka angalau asilimia 40 ya mshahara kwa mstaafu aliyechangia miaka 30. Pensheni jamii haidai mchango, kwa hiyo kuilinganisha na kiwango hicho kuna mipaka. Lakini bei ya mchele dukani haiulizi nani alichangia. Kinachohitajika zaidi ni kanuni ya kuipandisha pensheni hiyo kila mwaka kadiri bei zinavyopanda.