Barua ya kukataliwa si mwisho

Bahasha ya kahawia ilipofika, mama mmoja Mtanzania anayeishi London aliisoma barua mara tatu. Mwanawe wa miaka sita, mwenye kifafa, amenyimwa DLA, posho ya ulemavu ya watoto. "Wameandika anatembea vizuri," anasema. "Mbona hawakutaja usiku?"

Hapo ndipo wazazi wengi hukwama. Kinachopimwa si jina la ugonjwa, bali uangalizi anaohitaji mtoto kupita wenzake wa rika lake. Kwenye fomu, mama huyu aliona haya kueleza yote, akaandika "tunajitahidi".

Sheria inampa mzazi mwezi mmoja tangu tarehe ya barua kuomba uamuzi uangaliwe upya. Wakikataa tena, ana mwezi mwingine wa kukata rufaa kwenye baraza huru, bila malipo.

Safari hii ameweka daftari kando ya kitanda: kifafa kilimshika saa ngapi, kilidumu dakika ngapi, alibadilisha shuka mara ngapi. Ameambatisha na barua ya mwalimu. Jibu bado anasubiri.

Mzazi mwenzangu, usione haya. Andika usiku wenu ulivyo.